Daktari Bruce na Mbung'o

David Bruce alizaliwa mwaka wa 1855 huko Melbourne, Australia, akawa daktari wa jeshi la Uingereza. Kule Zululand, mwaka wa 1895, aligundua kuwa mbung'o ndiye aliyekuwa akiua ng'ombe kwa kuwatia vijidudu damuni.

Mwaka wa 1903 alifika Entebbe, Uganda. Malale ilikuwa inamaliza watu kando ya ziwa Victoria. Vijidudu vyake huishi damuni, huweza kudhuru hata moyo, kisha huingia ubongoni. Bruce alithibitisha kuwa mkosaji ni mbung'o tena. Baadaye watu walihamishwa kutoka ufuoni.

Mkewe, Mary, alifanya kazi naye kwa hadubini na kuchora vijidudu, lakini sifa alipata mume. Bruce alifariki mwaka wa 1931, siku ya mazishi ya Mary.

Wasichana wenzangu mnaokimbia Biolojia, mkumbukeni Mary!