Mzee George Lilanga: Mlinzi wa Usiku Aliyechora Maisha Yetu

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa, kila tunapokutana huwa tunahesabu majina ya watu wa kusini waliopata sifa. Tunataja mapadre na maaskofu, walimu na madaktari, na hatukosi kumtaja Mzee Benjamin Mkapa wa Lupaso, Masasi, aliyeongoza nchi yetu tangu 1995 hadi 2005. Hiyo ni haki yake. Lakini mwaka ule ule wa 2005, Mzee Mkapa alipokuwa akijiandaa kuondoka Ikulu, Dar es Salaam ilimzika mtu mwingine wa upande wetu ambaye kazi zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya Ulaya, Marekani na Japani. Huyo ni marehemu Mzee George Lilanga, mchongaji na mchoraji. Yafaa gazeti letu limpe kurasa zake.

Mzee Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, upande wa Masasi, katika kabila la Wamakonde. Kwa wale wasioifahamu nchi yetu, hii ni nchi ya mikorosho na mihogo. Masasi imezungukwa na vilima vya mawe vilivyosimama kama watu wazima barazani. Ukipanda kwenda Newala unafika ukingoni mwa uwanda wa juu, na chini yako unaona bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Huko juu ardhi ni ya kichanga na maji ni ya shida. Kwa vizazi vingi kina mama waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Mtoto aliyekulia katika nchi hiyo alijua mapema kwamba maisha ni kazi. Alijua vile vile kwamba baada ya mavuno kuna ngoma.

Ngoma ya Wamakonde haikuwa mchezo wa kupitisha wakati tu. Sindimba ilichezwa na wakubwa na wadogo wakatazama. Vijana walipotoka jandoni, vinyago vilitoka pia, vile vya midimu na mapiko, na aliyevaa kinyago hakuitwa tena jina lake, kwa maana kwa saa hiyo alikuwa mzimu. Watoto walikimbia, wakarudi kuchungulia, wakakimbia tena. Hofu na kicheko vilikaa mahali pamoja. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana ndilo litakalomsaidia kuelewa picha za Mzee Lilanga.

Wako watu wanaodhani kwamba uchoraji uliletwa kusini na wageni. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi, akapanda hadi Newala. Alikuja na mashine ya kunasa sauti kwenye nta na mashine ya kupiga picha za sinema, akanasa nyimbo zetu na ngoma zetu. Kisha akawapa watu karatasi na kalamu, akawaomba wachore. Wakachora wanyama, watu na safari zao, na baadhi ya michoro hiyo aliichapa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Basi kumbe muziki, sinema na uchoraji wa watu wa Masasi na Newala viliwahi kuvuka bahari karibu miaka thelathini kabla Lilanga hajazaliwa. Mkono ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuthamini.

Lilanga alisoma shule kidogo, kama vijana wengi wa siku zile. Mwaka 1961, mwaka tuliopata Uhuru, alianza kuchonga. Hakuanza na mpingo. Alianza na mizizi ya mihogo, ambayo ni laini na haigharimu kitu. Ukiharibu, unachukua mwingine. Baadaye akahamia kwenye miti migumu kidogo, na mwishowe akafika kwenye mpingo, mti mweusi na mzito ambao humchosha mchongaji na kumaliza makali ya patasi zake. Vijana wa leo wanaotaka kufika juu kwa siku moja wajifunze hapo. Muhogo kwanza, mpingo baadaye.

Miaka hiyo vita vya ukombozi vilikuwa vinawaka Msumbiji, tangu 1964. Wakimbizi wengi, na Wamakonde wa ng'ambo wakiwamo, walivuka Ruvuma wakaingia kwetu. Makambi ya wakimbizi yakaleta wageni wa kila namna, na baadhi ya wageni hao, Wazungu waliokuja kutazama makambi, walinunua vinyago vya Lilanga. Ndio waliomtia moyo kwamba kazi yake ingepata wanunuzi mjini. Mwaka 1970 akafunga safari ya Dar es Salaam.

Mjini, kama wengi wetu tunavyofahamu, mgeni hapokewi kwa shangwe. Mwaka 1972 kilianzishwa kituo cha Nyumba ya Sanaa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, ili vijana wasio na kazi wapate ufundi na mahali pa kuuza. Jamaa yake Lilanga, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa pale, naye akamsaidia kupata kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi wa usiku. Mtu mwenye umri wa miaka thelathini na minane, mwenye kipaji ambacho baadaye dunia ingekisifu, alikuwa akilinda mlango ili kazi za wengine zisiibiwe.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya habari hii. Lilanga angeweza kununa. Angeweza kurudi Masasi na kusema mji umemdharau. Yeye aliendelea kuchonga na kuchora hata wakuu wa kituo wakaona kwamba mlinzi wao ni fundi kuliko mafundi. Akatolewa kwenye ulinzi akawekwa miongoni mwa wasanii. Akachora juu ya ngozi za mbuzi, akafanya batiki, akatengeneza kazi za chuma, na hakuacha kuchonga. Mwaka 1978 kazi zake zilipelekwa Washington, Marekani, katika maonyesho ya sanaa ya Afrika ya siku hizi, na sehemu kubwa ya vilivyoonyeshwa ilikuwa ya mkono wake. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu ashike rungu la mlinzi.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuona uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, jirani zetu, aliyeanza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za mafuta zing'aazo juu ya hadibodi, na aliyeuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, aliposhukiwa kimakosa kuwa mwizi. Lilanga aliona rangi zile na ubao ule, akavichukua, lakini hakuchora chui na ndege kama wengine. Alichukua mashetani aliyokuwa akiyachonga katika mpingo akayatia rangi.

Mashetani ya Lilanga si ya kutisha watoto usiku. Yana masikio makubwa, midomo mipana, matumbo yaliyotoka mbele, vidole vichache vya miguu na mikono. Yamejaa ubao wote, hayakuacha nafasi. Tena yanafanya mambo yetu. Hili linapiga ngoma, lile linacheza, jingine linatwanga, jingine limebeba mtoto mgongoni, wengine wanagombana kwa sababu ya pombe, wengine wanampeleka mgonjwa hospitali. Yako yaliyokwenda sokoni na yako yanayosema umbea. Na mara nyingi Mzee aliandika kwa Kiswahili maelezo marefu ya jambo linalotendeka, kama mtu anayewasimulia majirani habari za jana. Ukizikusanya picha zake unapata mawazo ya mtu juu ya nyumba yake, mtaa wake, ngoma yake na watu wake, kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kwa nini mashetani? Wengine hudhani alikuwa akifanya mzaha na dini. Sivyo. Mtu aliyekulia penye midimu anajua kwamba ukivaa uso wa mzimu unaruhusiwa kusema yale ambayo kwa uso wako ungeona haya kuyasema. Mlevi akichorwa kama mlevi, jirani atakasirika. Akichorwa kama shetani mwenye masikio ya sungura, jirani atacheka, kisha atajitambua. Ndiyo njia ya wazee wetu ya kuonya bila kuvunja ujirani, naye aliichukua kutoka uwanjani akaiweka kwenye ubao.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa mgumu. Ugonjwa wa kisukari ulimshika, hata akakatwa miguu yote miwili. Mtu aliyechora watu wanaocheza ngoma sasa hakuweza kusimama. Hata hivyo aliendelea na kazi akiwa amekaa, akisaidiwa na vijana aliowafundisha, miongoni mwao mjukuu wake Hendrick Lilanga, ambaye naye alikuja kuwa mchoraji. Mwaka 2004 yalifunguliwa Düsseldorf, Ujerumani, maonyesho makubwa ya Africa Remix, ambayo baadaye yalikwenda London, Paris, Tokyo na Johannesburg, na kazi zake zilikuwamo. Tarehe 27 Juni 2005, maonyesho hayo yakiwa bado yanazunguka dunia, Mzee Lilanga alifariki Dar es Salaam.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Mtoto wa Tokyo ameweza kusimama mbele ya kazi ya Mmakonde wa Masasi. Je, mtoto wa Masasi ameweza? Wangapi kati yetu, tuliosoma na tukapata vyeti, tuna kazi yake hata moja ukutani? Tulipokuwa shuleni, mwenzetu aliyechora pembeni mwa daftari la hesabu alichapwa, na aliyechonga kijiko kizuri aliambiwa hiyo ni kazi ya wasiofaulu. Wageni walionunua vinyago makambini hawakutuibia. Walinunua kwa fedha yao kile ambacho sisi tulikipita njiani. Lakini matokeo ni kwamba ili tuone mawazo ya mzee wetu juu ya nyumba zetu, lazima tupande ndege.

Jambo hili lina dawa, na dawa yake haina gharama kubwa. Chama chetu kinaweza kuipa shule mbao, rangi na patasi kwa somo la sanaa, kama tunavyochangia vitabu vya sayansi. Kinaweza kununua hata kazi moja ya mchongaji wa Newala au Masasi aliye hai kila tunapokutana, na kuitundika katika bwalo, na jina la mchongaji chini yake. Na wanafunzi, wakati wa likizo, waende kwa wazee wanaojua midimu na sindimba, waandike na wachore wanachosikia, kabla wazee hao hawajatutoka.

Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu huku ukichora pembeni, maliza kwanza hesabu zako, maana hata mchoraji huuza na hupunjwa asiyejua hesabu. Kisha endelea kuchora. Kama huna mpingo, mihogo ipo.

Mungu amlaze Mzee Lilanga mahali pema.