Laennec, Mtu Aliyesikiliza Vifua

Bila shaka umewahi kuwekewa na daktari kile kidude baridi kifuani, ukaambiwa uvute pumzi. Hiyo ndiyo stethoskopu. Mwaka jana kitindamimba wetu aliugua nimonia na mimi ndiye niliyembeba hadi zahanati. Daktari alimsikiliza mgongoni kidogo tu, akajua. Tangu siku hiyo nikawa najiuliza, jamani, ni nani aliyeanzisha jambo hili?

Ni Mfaransa mmoja, René Laennec. Alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper. Mamake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na inasemekana aliuawa na kifua kikuu. Basi Laennec akaenda kulelewa na ami yake, daktari katika mji wa Nantes, na huko ndiko alikoonja udaktari. Alikuwa mwembamba na mwenye afya hafifu, lakini mikono yake haikukaa bure. Alipiga filimbi, tena alikuwa hodari wa kukereza mbao.

Mwaka wa 1801 alienda Paris kuendelea na masomo. Siku hizo daktari aliyetaka kujua kilichomo kifuani alikigongagonga kwa vidole, kama vile mtu anavyogonga mtungi ajue kama una maji. Ama sivyo alibandika sikio lake moja kwa moja kwenye kifua cha mgonjwa, awe ameoga au hajaoga!

Mwaka wa 1816, akiwa katika hospitali ya Necker mjini Paris, aliletewa msichana mwenye ugonjwa wa moyo. Msichana alikuwa mnene, kwa hivyo kugonga hakukusaidia. Kumwekea sikio kifuani nako kulikuwa aibu. Hapo Laennec akakumbuka kwamba ukiweka sikio kwenye ncha moja ya boriti, na mtu akwaruze ncha ya pili kwa pini, utausikia mkwaruzo huo vizuri. Akachukua karatasi, akaziviringa zikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Alishangaa! Moyo ulisikika waziwazi kuliko alivyowahi kuusikia.

Baadaye alikereza mwenyewe bomba la mti la sentimita 30 hivi, lenye tundu katikati. Lilikuwa la sikio moja tu.

Lakini kwa maoni yangu bomba lilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kujua kila sauti ina maana gani. Alisikiliza wagonjwa wengi, na waliofariki aliwapasua ili alinganishe alichosikia na alichokiona. Mapafu mazima hupitisha hewa kwa sauti laini. Yale yenye nimonia alisema hulia kama chumvi inayopasukapasuka kwenye sufuria ya moto. Njia za hewa zikiwa nyembamba, kama wanavyojua wenzetu wenye pumu, husikika miluzi kama ya ndege wadogo. Maji yakijaa kando ya pafu, sauti ya mgonjwa akiongea hugeuka kama ya mbuzi. Na pafu lililotobolewa na kifua kikuu? Hapo maneno ya mgonjwa hupita kwenye bomba kana kwamba kifua chenyewe ndicho kinachoongea. Haya yote aliyaandika katika kitabu chake cha 1819.

Mwaka wa 1822 akawa profesa, lakini kikohozi nacho kilikuwa kimemwandama. Wakati huo hakuna aliyejua kijidudu cha kifua kikuu, maanake Robert Koch alikitangaza mwaka wa 1882, na dawa zilikuja katika miaka ya 1940. Siku hizi mgonjwa akimeza dawa zake kwa miezi 6 hivi, kwa kawaida hupona. Laennec hakuwa na bahati hiyo.

Mwaka wa 1826 alizidiwa, akarudi kwao Bretagne. Akamwomba jamaa yake kijana, Mériadec, ambaye pia alikuwa daktari, amsikilize kifua na kumweleza anachosikia. Kijana akaeleza. Laennec alizijua sauti hizo vizuri sana, kwa kuwa ni yeye aliyezifundisha dunia. Alifariki tarehe 13 Agosti akiwa na miaka 45, na katika wasia wake alimwachia Mériadec stethoskopu yake.