Parnell, mbunge aliyeichosha London kwa maneno

Kila msimu wa bajeti, wasikilizaji wetu wanaofuatilia Bunge kutoka Dodoma hulisikia neno gilotini. Muda ukiisha, maswali hukoma na mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo. Tumeulizwa mara kadhaa neno hilo limetoka wapi. Jina ni la mashine ya Kifaransa ya kukatia watu vichwa, lakini utaratibu wenyewe ulizaliwa katika Bunge la Uingereza, na chanzo chake kikubwa ni mtu mmoja wa Ireland, Charles Stewart Parnell.

Alizaliwa mwaka 1846 huko Avondale, wilaya ya Wicklow. Mama yake alikuwa Mmarekani na baba yake mwenye mashamba makubwa, Mprotestanti, katika nchi ambayo wakulima wake wengi walikuwa Wakatoliki waliolima ardhi ya wengine na kulipa kodi ya pango. Alizaliwa wakati viazi vikioza mashambani, katika njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Ireland wakati huo haikuwa na bunge lake. Wabunge wake walikwenda London, na huko kila kura waliyopiga ilimezwa na wingi wa Waingereza.

Parnell aliingia bungeni Aprili 1875. Hakuwa msemaji mzuri. Alikuwa mkimya, mwenye aibu ya kusimama mbele za watu. Siku alipochukua kiti chake alimkuta Joseph Biggar, mfanyabiashara wa nyama ya nguruwe kutoka Belfast, akihutubia kwa karibu saa nne kupinga muswada wa kuwabana Waireland. Biggar alikuwa akisoma ripoti za serikali, ukurasa baada ya ukurasa. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa sauti yake haisikiki, alikusanya makaratasi yake, akasogea mbele na kujitolea kuanza upya. Sisi tunaoshika kipaza sauti kila siku tunajua kwamba kuongea hata saa moja bila kukauka si mchezo.

Parnell aliona silaha hapo. Kanuni za Bunge hazikuweka kikomo cha kuzungumza, na ngazi ya kamati iliruhusu mbunge kusimama tena na tena. Kila hoja ya kuahirisha kikao ilidai kura, na kura maana yake wabunge wote kuinuka, kupita milangoni na kuhesabiwa mmoja mmoja. Watu wachache wakitoa hoja kama hizo usiku kucha, serikali haipitishi kitu. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na hilo ndilo lililowakera Waingereza zaidi.

Julai 31, 1877 ulikuwa mezani muswada wa kuunganisha makoloni ya Afrika Kusini. Wabunge saba tu, Parnell akiwamo, walikiendesha kikao kwa saa 26. Muswada ulipita, lakini jina lake lilishajulikana. Kiongozi wa chama chake, Isaac Butt, mzee aliyeheshimu Bunge, alichukizwa na mbinu hiyo. Wakulima wa Ireland walifurahi. Wala haikuwa kelele tupu: Parnell na wenzake waliung'ang'ania muswada wa nidhamu ya jeshi wakipinga askari kuchapwa, na mwaka 1881 viboko vikafutwa jeshini.

Mavuno yalipoharibika tena mwaka 1879, wapangaji walifukuzwa mashambani kwa kushindwa kulipa. Michael Davitt alianzisha umoja wa wakulima, Parnell akawa rais wake. Serikali ilijibu kwa muswada wa kuwafunga watu bila kesi. Mjadala ulianza Jumatatu, Januari 31, 1881. Ukaenda Jumanne mchana kutwa na usiku kucha. Jumatano asubuhi, baada ya saa 41, Spika Henry Brand alisimama na kuamuru mjadala ukome, kura ipigwe. Kanuni iliyompa uwezo huo haikuwapo. Kesho yake wabunge 36 wa Ireland walitolewa nje kwa kupinga.

Mwaka uliofuata Bunge liliandika rasmi kanuni ya kufunga mjadala, na 1887 ikakazwa: muswada mwingine wa kuibana Ireland uliwekewa siku ya mwisho, na vifungu visivyojadiliwa vikapigiwa kura hivyo hivyo. Hiyo ndiyo gilotini. Waliotetea mabadiliko walisema wachache hawawezi kuwashika mateka wengi waliochaguliwa. Waliopinga walisema serikali yenye wingi sasa haina sababu ya kumsikiliza yeyote. Kwa maoni yetu wote walikuwa na hoja, ndiyo maana ugomvi huu haujaisha.

Parnell alifungwa gereza la Kilmainham Oktoba 1881, akatoka Mei 1882. Wakati huo sheria mpya ya ardhi ilikuwa imewapa wapangaji mabaraza ya kupanga kodi ya haki. Uchaguzi wa 1885 ulimpa wabunge 86, wa kutosha kuamua nani aunde serikali. Waziri Mkuu Gladstone akaleta muswada wa Ireland kujitawala. Ukaanguka Juni 1886 kwa kura 30.

Kilichomwangusha Parnell kilikuwa kesi ya talaka ya mwaka 1890, iliyofichua uhusiano wake wa miaka mingi na Katharine O'Shea, mke wa mbunge mwenzake. Chama kiligawanyika, wengi wakamkimbia. Alimwoa Katharine Juni 1891, na Oktoba 6 akafariki dunia nyumbani kwao Hove, Uingereza, akiwa na miaka 45. Alizikwa Dublin.

Miaka miwili baadaye Gladstone alirudisha muswada wa kujitawala. Safari hii wapinzani wa Ireland ndio walioongea bila kuchoka, na Gladstone akatumia gilotini kuwanyamazisha. Wabunge walipigana ngumi ukumbini. Muswada ulipita, wafuasi wa zamani wa Parnell wakiupigia kura ya ndiyo, kisha mabwana wa Bunge la juu wakautupa kwa kura 419 dhidi ya 41.