Jackie Gleason: Aliwapa wenzake tuzo, yeye akabaki mikono mitupu

MWEZI Machi mwaka 1956, tasnia ya runinga ya Marekani ilipokutana kugawa Tuzo za Emmy, jina la Jackie Gleason lilikuwa miongoni mwa waliowania tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika vipindi vya mfululizo. Tuzo hiyo ilikwenda kwa Phil Silvers. Art Carney, aliyeigiza kama jirani na rafiki wa Gleason katika kipindi kile kile cha The Honeymooners, alitwaa sanamu ya mwigizaji bora msaidizi, ikiwa ni mara yake ya tatu mfululizo.

Gleason aliteuliwa zaidi ya mara moja katika miaka hiyo, lakini hadi anafariki dunia mwaka 1987 hakuwahi kukabidhiwa sanamu hata moja ya yule mwanamke mwenye mabawa. Kwa mtu ambaye Wamarekani wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa vichekesho vya runinga, hilo ni jambo la kushangaza, na linazidi kushangaza mtu anapotazama jinsi tuzo zilivyokuwa zikimpitia pembeni tangu siku zake za kwanza katika kazi hiyo.

Gleason alizaliwa Februari 26, 1916, katika wilaya ya Brooklyn jijini New York, kwenye familia maskini. Kaka yake alifariki angali kijana, wakati Gleason mwenyewe akiwa mtoto mdogo. Desemba 1925 baba yake alitoka kwenda kazini kama kawaida, asirudi tena. Mama yake akalazimika kufanya kazi ya kukatisha tiketi katika stesheni ya treni za chini ya ardhi ili mwanawe apate kula. Naye alifariki mwaka 1935, na kijana wa miaka 19 akabaki peke yake, akitegemea ulimi wake na kipaji cha kuchekesha watu katika kumbi ndogo za starehe.

Kumbi hizo zilimfikisha hadi Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambako aliambulia nafasi ndogo ndogo za filamu kabla ya kurejea New York. Runinga ilipoanza kushika kasi, mwaka 1949 alipewa nafasi ya mhusika mkuu katika kipindi cha The Life of Riley. Kipindi hicho kilitunukiwa Emmy mwaka 1950, katika kundi la filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya runinga. Hata hivyo tuzo ilikuwa ya kipindi, si ya mwigizaji, na baada ya msimu mmoja tu Gleason alikuwa ameshaondoka.

Alihamia kituo cha DuMont, na huko, mwaka 1951, ndipo alipozaliwa Ralph Kramden, dereva wa basi mnene, mwenye sauti kubwa na ndoto kubwa zaidi, anayeishi na mkewe Alice katika nyumba ndogo yenye vitu vichache tu, kama meza, jiko, kabati la barafu na dirisha linalotazamana na majengo mengine. Mtaa wa Kramden ulipewa jina la Chauncey, na hilo si jina la kubuni, kwani ndio mtaa ambao Gleason alikulia. Umaskini ule aliutoa katika kumbukumbu zake, akautia kwenye mchezo wenye jina linalomaanisha watu walio katika fungate.

Mwigizaji wa kwanza wa Alice alikuwa Pert Kelton, mwanamama aliyemudu nafasi hiyo kwa ukali na ukavu uliostahili. Mwaka 1952 Gleason alipohamia kituo kikubwa cha CBS, Kelton hakwenda naye. Jina lake lilikuwa limeingizwa katika orodha nyeusi ya wasanii waliotuhumiwa kuwa na uhusiano na Wakomunisti, na watazamaji wakaelezwa kuwa ni mgonjwa wa moyo.

Aliyechukua nafasi yake ni Audrey Meadows. Kwanza Gleason alimkataa kwa hoja kwamba ni mrembo mno na kijana mno kuwa mke wa dereva wa basi. Meadows akamwita mpiga picha asubuhi, kabla hajachana nywele wala kupaka poda, akavaa nguo iliyochakaa, akapigwa picha hivyo hivyo jikoni. Gleason alipoletewa picha hizo hakumtambua, akataka mwanamke huyo atafutwe mara moja. Mwaka 1955 Meadows alipata Emmy ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na Carney akapata ya kiume jukwaa hilo hilo. Bosi wao hakupata kitu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu moja inaonekana katika kazi yenyewe. Carney, akiwa Ed Norton, fundi wa mitaro ya majitaka, alikuwa na vituko ambavyo kila jicho liliviona. Alikuwa akinyoosha mikono na kuzungusha viganja kwa dakika nzima kabla ya kuandika neno moja, hadi Ralph anapandwa na hasira. Meadows alikuwa na utulivu wake, akimsubiri mumewe amalize kufoka kisha anamkata kwa maneno machache. Vyote viwili vilifanikiwa kwa sababu katikati yao kulikuwa na mtu wa kugongana naye. Lakini anayegongwa huonekana kama hafanyi lolote ila kupiga kelele, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba Gleason hakuwa akiigiza, bali alikuwa yeye mwenyewe.

Haikuwa hivyo. Ralph alikuwa mtu wa huzuni aliyevikwa vichekesho. Alilipwa dola 62 kwa wiki, kila mpango wake wa kutajirika uliporomoka, na mwisho wa kipindi alibaki amesimama mbele ya mkewe akiomba radhi, uso wote umemshuka. Ni pale, wakati kicheko kinapokatika, ndipo Gleason alipokuwa mwigizaji kamili. Ni kweli pia kwamba Ralph alizoea kumtishia Alice kwa ngumi, mzaha ambao kwa macho ya leo hauchekeshi, ingawa hakuwahi kumpiga, na Alice hakuwahi kuonesha dalili ya kuogopa.

Utaratibu wake wa kazi nao haukuwafurahisha wote. Gleason alichukia mazoezi. Akijivunia uwezo wake wa kukariri, alisoma maandishi mara chache na kuwaacha wenzake wafanye mazoezi bila yeye, kisha akaja kusimama mbele ya watazamaji waliojaa ukumbini. Alipokwama alijipapasa tumbo, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwa wenzake wamwokoe.

Vipindi 39 vya nusu saa vilivyorushwa kati ya Oktoba 1955 na Septemba 1956 ndivyo vilivyobeba jina la The Honeymooners hadi leo. Wakati ule watazamaji wengi walivutwa na mwimbaji Perry Como aliyekuwa akirushwa saa hiyo hiyo katika kituo shindani cha NBC, na msimu ukawa mmoja tu. Gleason mwenyewe aliamua kurudi katika kipindi chake cha zamani cha saa nzima, akiona ubora wa hadithi usingeweza kudumu. Kwa kuwa vilikuwa vimehifadhiwa katika filamu, vipindi hivyo vilirudiwa miaka na miaka. Meadows, ambaye mkataba wake ulikuwa na kifungu cha malipo ya marudio, alinufaika kuliko wenzake wengi.

Nje ya runinga milango ilifunguka. Mwaka 1960 alipata Tuzo ya Tony kwa mchezo wa jukwaani wa Take Me Along. Mwaka uliofuata aliigiza kama bingwa wa mchezo wa pool, Minnesota Fats, katika filamu ya The Hustler, akicheza mipira mingi kwa mkono wake mwenyewe, na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora msaidizi. Hiyo nayo ilikwenda kwa George Chakiris wa West Side Story. Mwaka huo huo wa 1961 alianzisha mchezo wa maswali ulioharibika vibaya siku ya kwanza, na wiki iliyofuata akaketi mbele ya kamera kwa nusu saa nzima akiwaomba radhi watazamaji. Ralph Kramden asingefanya tofauti.

Mwaka 1964 alikihamishia kipindi chake Miami Beach, Florida, na huko alimrudisha Kramden katika hadithi ndefu zenye nyimbo. Kelton naye aliitwa tena, safari hii kuigiza kama mama yake Alice. Carney akaongeza Emmy mbili, mwaka 1967 na 1968, kwa kipindi hicho hicho chenye jina la Gleason. CBS ilikifuta mwaka 1970. Miaka mitano baadaye Carney alitwaa Oscar kwa filamu ya Harry and Tonto.

Mwaka 1986 waandaaji wa Emmy walimwingiza Gleason katika Ukumbi wa Watukufu wa Runinga, heshima kubwa, japokuwa si ile aliyowania. Alikuwa tayari mgonjwa wakati akiigiza filamu yake ya mwisho, Nothing in Common, pamoja na Tom Hanks. Saratani ilimuua Juni 24, 1987, nyumbani kwake Florida, akiwa na umri wa miaka 71.

Mwaka 1988 yadi moja ya mabasi ya Brooklyn ilibadilishwa jina na kuitwa Jackie Gleason. Mwaka 2000 sanamu yake ya shaba ilisimamishwa nje ya stendi kuu ya mabasi jijini New York. Amevaa sare ya udereva, na ameshika kisanduku chake cha chakula cha mchana.