Ian Donald: Tabibu aliyewafumbua madaktari macho

Mwanamke anapovuja damu nje ya siku zake za hedhi, au baada ya hedhi kukoma, miongoni mwa vipimo vya kwanza anavyofanyiwa ni ultrasaundi. Zamani daktari alipapasa tumbo na kukisia. Mara nyingi ukweli ulijulikana baada ya kupasua.

Aliyeleta mageuzi hayo ni Ian Donald, aliyezaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka wa 1910. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa daktari wa jeshi la wanahewa, na huko ndiko alikojifunza jinsi mwangwi unavyofichua kilichojificha.

Mnamo 1954 aliteuliwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Mwaka uliofuata alipeleka uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa hadi kiwanda cha Babcock & Wilcox, Renfrew, kilichotumia mawimbi ya sauti kusaka nyufa katika vyuma. Ikadhihirika kwamba uvimbe mgumu wa mji wa mimba na ule wa majimaji wa ovari hutoa mwangwi tofauti.

Wapo waliomdhihaki. Hata hivyo, akishirikiana na mhandisi kijana Tom Brown na daktari John MacVicar, aliendelea na utafiti. Kisha akaletwa mwanamke aliyedhoofika, ambaye madaktari walikuwa wamekata tamaa wakidhani ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ilionyesha mfuko wa majimaji. Alipasuliwa, ukatolewa uvimbe wa ovari usio wa saratani, naye akapona. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1958.

Mnamo 1963 Donald aligundua kwamba kibofu kilichojaa husaidia mji wa mimba kuonekana vyema. Ndiyo maana hadi leo wanawake wengi huagizwa kunywa maji kabla ya kupimwa tumboni.

Donald, ambaye mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa moyo mara tatu, aliaga dunia mwaka wa 1987. Wengine waliendeleza kazi yake. Siku hizi, mwanamke aliyekoma hedhi akivuja damu, hupimwa unene wa utando wa ndani wa mji wa mimba. Ukiwa milimita 4 au pungufu, uwezekano wa saratani ni mdogo sana. Ukizidi hapo, au damu ikirejea, uchunguzi zaidi hufanywa. Kwa hivyo anayevuja damu hana sababu ya kunyamaza kwa kuhofia kisu.