Mbaga Tuzinde na Mukajanga

Kabaka Mwanga wa Buganda, ambaye mwaka 1892 alishindwa katika vita ya Mengo akakimbilia kwetu Bukoba, alikuwa na vijana wengi waliomtumikia nyumbani mwake. Mmoja wao aliitwa Mbaga Tuzinde, kijana wa miaka yapata 17. Mzee aliyemlea akamfanya mwanawe alikuwa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme. Watu wote walimwogopa Mukajanga. Mbaga alimwita baba.

Mwanga aliwachukia wasomaji, ndio Wakristo, kwa kuwa aliwaona wamemtii Mungu kuliko yeye, tena alihofu kwamba Wazungu watamnyang'anya nchi. Mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo, hasira yake ikawaka. Usiku ule Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana, akawabatiza wale ambao hawajabatizwa, na Mbaga miongoni mwao. Kulipokucha mfalme akaamuru wanaosali wasimame kando. Mbaga akasimama nao. Hukumu ikatoka wachomwe moto Namugongo, na mwenye kuitimiza alikuwa Mukajanga.

Sasa fikirini moyo wa mzee yule! Kwa muda wa juma zima, kuni zilipokuwa zikikusanywa, alimsihi mwanawe. Hakudai mengi: kijana aseme tu kwamba hatasali tena, au akubali kufichwa. Jamaa zake nao wakaja kumlilia.

Mbaga hakukubali, lakini hakumdharau babaye. Alimweleza kwamba yeye ni mtumishi wa mfalme, na amri amekwisha kuipokea. Akimficha mwanawe, atauawa yeye badala yake. Basi afanye alivyoamriwa. Kwangu mimi neno hili ndilo kubwa katika habari zake zote: alimkatalia baba ombi lake, na papo hapo akaulinda uhai wake.

Tarehe 3 Juni wakafungwa katika matete, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mukajanga akamsihi mara ya mwisho, asifanikiwe. Ndipo akaamuru Mbaga atengwe na wenzake, apigwe rungu shingoni, ili asiusikie moto. Hilo tu ndilo aliloweza kumtendea. Mwili wake ukawekwa juu ya kuni pamoja na wengine.

Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu.