Seyyid Said bin Sultan: Neno la Mzee na Mgao wa Allah

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu.

Ndugu zangu Waislamu, nanyi mlioko Arusha na pembezoni mwa Mlima Meru hadi Momela, tunaulizwa mara kwa mara kuhusu wazee wanaozungukwa na jamaa ili wasia uandikwe upande wao. Tumtazame mzee mmoja anayejulikana.

Seyyid Said bin Sultan alizaliwa Oman mwaka 1791 na kushika utawala 1806 angali kijana. Alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akaipenda, akahimiza kilimo cha karafuu na baadaye akahamishia makao yake hapa. Watoto wake walikuwa wengi, wa mama mbalimbali. Binti yake Salma ameandika kuwa baba yao aliacha watoto 36.

Mwaka 1844 aliwaandikia Waingereza kuwa Khalid atashika Afrika na Thuwaini Oman. Khalid akafariki 1854, na Majid akachukua nafasi yake Unguja. Lakini haikubainishwa vya kutosha kama nchi hizo mbili zitatengana.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini karibu na Ushelisheli. Mwanawe Barghash alikuwa naye chomboni. Walipofika Unguja, Barghash alimzika baba yake usiku kimya kimya, akataka kuishika ngome, lakini mkuu wa askari wa Kibulushi akamkatalia. Majid akatawala, Thuwaini akadai haki. Mwaka 1859 Barghash aliasi, akahamishiwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza India, aliamua nchi zitengane na Majid ailipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Ugomvi wa ndugu ukaishia mikononi mwa mgeni.

Mali yake binafsi lakini iligawiwa warithi kisheria, na Salma, aliyezaliwa 1844, akapata fungu lake la binti angali mdogo. Palipokuwa na mgao wa Allah, haki ilifika hadi kwa mtoto. Palipobaki neno la mzee tu, zilitoka silaha.

Sasa tuseme mzee wa Momela ana shamba la mahindi, yu kitandani, na mwana mmoja anamletea karatasi aweke dole gumba. Haifai. Wasia hauvuki thuluthi ya mali, wala haumwendei mrithi ila warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Zawadi itolewayo katika maradhi ya mauti nayo huhukumiwa kama wasia, basi isifanywe mlango wa nyuma. Aliyelazimishwa, wasia wake hausimami.

Mzee aandike akiwa na afya na akili timamu, mbele ya mashahidi wawili waadilifu wasionufaika, na anayenufaika atoke chumbani. Wasia uhifadhiwe RITA au kwa mtu mwaminifu. Mwenye kuubadilisha baada ya kuusikia, dhambi ni yake. Mwenye kumwona mzee anaelemea upande mmoja akasuluhisha kwa uadilifu, hana dhambi.

Kumlinda mzazi katika wasia wake ni katika kumtendea wema. Kesho Akhera ataulizwa yeye kuhusu karatasi ile, nasi tutaulizwa tuliyemshikia mkono.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.